Ngoma za Mrima, Utani na Hisa: Suala la Umiliki katika Historia ya Klabu ya Simba, 1936–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya Klabu ya Simba ya Dar es Salaam kwa kuongozwa na swali moja: klabu hii ni mali ya nani? Maandishi mengi kuhusu Simba yameorodhesha mataji na wachezaji wake, na mjadala wa miaka ya karibuni kuhusu hisa umeuchukua mfumo wa wanachama kama mabaki ya enzi ya ridhaa. Insha inadai kwamba mfumo huo ulikuwa na chimbuko katika vyama vya ngoma na desturi ya utani vilivyokuwa vimekomaa katika miji ya Mrima, ikiwamo Bagamoyo, kabla mpira wa miguu haujaenea Dar es Salaam. Kwa hiyo, jina, umati na ushindani ambao mwekezaji hununua hisa kwa ajili yake ni vitu vilivyozalishwa na wanachama. Hoja inajengwa kwa kufuatilia vipindi vinne: mapokeo ya Mrima, kuzaliwa kwa klabu Kariakoo, miaka ya mafanikio na migogoro, na mabadiliko ya umiliki yaliyoanza mwaka 2016.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea kaskazini kwa Barabara ya Bagamoyo hupita Mwenge, Tegeta na Boko kabla ya kufika Bunju, ukingoni mwa jiji. Hapo ndipo kilipo kiwanja cha mazoezi cha Klabu ya Simba kilichoanza kutumika mwaka 2019. Kiwanja hicho kilipewa jina la Mo Simba Arena, jina linalounganisha ufupisho wa jina la mwekezaji, Mohammed Dewji, na jina la klabu. Majina hayo mawili yaliyowekwa pamoja yanabeba suala zima linalojadiliwa katika insha hii. Simba iliishi kwa zaidi ya miaka 80 kama chama cha wanachama wenye kadi, ada na mkutano mkuu. Sasa inatakiwa kuishi pia kama kampuni yenye hisa, bodi na mwekezaji.

Mjadala wa umma kuhusu mabadiliko hayo umekuwa na pande mbili. Upande mmoja unasema kwamba mfumo wa wanachama ulileta fitina, madeni na umaskini, na kwamba klabu kubwa duniani huendeshwa kibiashara. Upande wa pili unahofia kwamba klabu itachukuliwa na mtu mmoja na wanachama watabaki watazamaji. Pande zote mbili zinazungumzia uanachama kana kwamba maana yake inajulikana. Historia ya uanachama wenyewe, yaani ulitoka wapi, ulifanya kazi gani na ulishindwa wapi, haijapewa nafasi ya kutosha. Kwa kuwa chimbuko hilo haliko Kariakoo peke yake, uchambuzi unaanzia kaskazini, katika miji ya Mrima.

2.0 Mrima: Chama, Mashindano na Utani

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji. Mji ulikusanya Washomvi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Waarabu, Wahindi na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja na kuondoka kwa misimu. Fabian (2019) ameonyesha kwamba watu hao wa asili tofauti walijenga hisia ya pamoja ya kuwa watu wa Bagamoyo. Glassman (1995), katika uchunguzi wake wa miji ya Mrima kabla na wakati wa vita vya mwaka 1888, anabainisha kwamba haki ya mtu kuhesabika mjini iligombewa hadharani kwa karamu, ngoma na sherehe. Aliyetoa alipata sauti. Asiyekuwa na ukoo mkubwa aliweza kujitafutia nafasi kwa kushiriki na kuchangia.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika kwa kina kuhusu maisha hayo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Ngoma zina nafasi kubwa katika maelezo yake. Zilikuwa burudani, na papo hapo zilikuwa utaratibu wa kupanga watu: nani kiongozi, nani mfuasi, nani anatoa nini, na nani anashindana na nani.

Baada ya Wajerumani kuhamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, mji huo mpya ulivuta watu kutoka Mrima na bara ya karibu, nao walikuja na desturi hizo. Ushahidi ulio wazi zaidi ni ngoma ya beni. Ranger (1975) amefuatilia jinsi beni ilivyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea kusini na bara, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Beni iligawanyika katika pande mbili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na viongozi wenye vyeo, sare, michango na wajibu wa kusaidiana katika shida na mazishi. Mgawanyiko huo ulikuwa sharti la ngoma kuwapo, kwa sababu bila upande wa pili hapakuwa na mashindano, na bila mashindano hapakuwa na sababu ya watu kuchanga.

Desturi ya pili inayohusika hapa ni utani. Katika njia za misafara, utani uliunganisha makabila yaliyokutana kwa biashara, safari au vita, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani huruhusiwa kutukana, kudai na kudhihaki, lakini pia ana wajibu wa kusaidia katika msiba. Uhusiano huo unakubali uadui wa maneno na kuuwekea mpaka. Si kwa bahati kwamba lugha ya michezo nchini Tanzania imeziita Simba na Yanga watani wa jadi. Neno hilo lina historia ya kijamii iliyotangulia mpira.

Hoja hapa si kwamba klabu ya Simba ilizaliwa moja kwa moja na chama fulani cha beni. Hoja ni kwamba vijana waliounda timu Dar es Salaam katika miaka ya 1930 hawakuanza kufikiri upya jinsi ya kuunda chama. Mbele yao palikuwa na mfano uliokamilika: pande mbili, viongozi, michango, rangi, nyimbo na kuzikana.

3.0 Kariakoo: Kutoka Queens hadi Simba, 1936–1971

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Chini ya utawala wa Uingereza eneo hilo likawa sehemu kuu ya makazi ya Waafrika, huku Wazungu wakikaa ufukweni na Wahindi katikati ya mji. Mgawanyo huo wa rangi uliifanya Kariakoo iwe na msongamano wa nyumba, soko, misikiti, vilabu vya muziki na viwanja vya mpira katika eneo dogo. Watu waliofahamiana msikitini au sokoni walikutana tena kiwanjani.

Yanga inahesabu mwaka wake wa kuzaliwa kuwa 1935, na Simba 1936. Mapokeo ya klabu zote mbili yanaeleza kwamba kundi lililojitenga na wenzao lilianzisha timu iliyoitwa Queens, ambayo baadaye ilijulikana kama Eagles, kisha Sunderland. Jina hilo la mwisho lilichukuliwa kutoka klabu ya Uingereza yenye jezi za rangi nyekundu na nyeupe, rangi ambazo Simba inazitumia hadi leo. Yanga ilikita katika eneo la Jangwani, na Sunderland katika Mtaa wa Msimbazi. Umbali kati ya makao hayo mawili ni wa kutembea kwa miguu.

Tsuruta (2007) anazichunguza klabu hizo mbili kama sehemu ya ukuaji wa mji wa Dar es Salaam. Mtazamo huo unasaidia kueleza kwa nini mgawanyiko wao haukuishia kiwanjani. Mji uleule ulikuwa na vyama viwili vikubwa vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, navyo vilishindana kwa namna inayofanana. Mkazi wa Kariakoo alijikuta na upande katika ngoma, katika taarabu na katika mpira. Muundo wa pande mbili uliotambuliwa katika beni ulikuwa umehamia katika taasisi mpya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kipindi chote hicho klabu haikuwa na mwenye mali. Kiwanja kilikuwa cha serikali ya kikoloni au cha wazi. Wachezaji walikuwa vibarua, makarani na mafundi. Kilichokuwapo ni orodha ya wanachama na michango yao, na kwa rasilimali hiyo pekee klabu iliyaishi mabadiliko ya majina matatu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mapambano na Yanga yalikwisha kuwa sehemu ya maisha ya mji.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ilitungwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, na klabu zikawa vyama vinavyosajiliwa na dola. Mwaka 1971 Sunderland iliacha jina la Kiingereza na kuitwa Simba. Badiliko hilo lilikwenda sambamba na siasa ya kujenga utamaduni wa taifa. Hata hivyo, rangi, mtaa, wanachama na mtani walibaki walewale. Hili linaonyesha kwamba utambulisho wa klabu haukutegemea jina lililoandikwa katika hati. Ulitegemea jumuiya iliyolibeba jina hilo.

4.0 Mafanikio na Migogoro, 1965–2003

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ilikuwa bingwa wa kwanza. Ilitwaa tena ubingwa mwaka 1966. Yanga ilitawala kuanzia 1968 hadi 1972, na tarehe 1 Juni 1968 iliifunga Sunderland mabao 5–0. Simba ilijibu baada ya miaka tisa: tarehe 19 Julai 1977 iliifunga Yanga 6–0, huku Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Katika kipindi cha 1976 hadi 1980 Simba ilichukua ubingwa mara tano mfululizo.

Nje ya nchi, Simba ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati lilipoanzishwa mwaka 1974, na mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ambako ilitolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 ilifungwa nyumbani 4–0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, kisha ikashinda 5–0 ugenini. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF. Baada ya sare ya 0–0 mjini Abidjan, ilifungwa na Stella 2–0 jijini Dar es Salaam. Mwaka 2003 iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi, katika Ligi ya Mabingwa Afrika.

Mafanikio haya yalipatikana chini ya mfumo unaoitwa wa ridhaa. Katika miaka ya 1970 wachezaji wengi walikuwa na ajira katika mashirika ya umma na viwanda, na klabu iliendeshwa kwa viingilio, ada na michango. Mashirika yalipoanza kudhoofika katika miaka ya 1980 na siasa ya uchumi kubadilika, mzigo ulihamia kwa wafanyabiashara walioitwa wafadhili. Mfano unaojulikana ni Azim Dewji, aliyeifadhili Simba katika safari ya mwaka 1993. Mfadhili hakuwa na hisa. Alitoa fedha na kupata heshima, kama alivyofanya mtoaji wa karamu katika mji wa Mrima. Udhaifu wa utaratibu huo ni dhahiri: mfadhili alipoondoka, aliondoka na fedha zake, na hapakuwa na mkataba wa kumbana.

Migogoro nayo haiwezi kufichwa. Yanga ilipasuka katikati ya miaka ya 1970, na waliojitenga wakaunda Pan African, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982. Makundi yaliyogombana yalipewa majina ya Kandambili na Raizoni, yaani majina ya viatu vya watu wa hali tofauti. Miongo mitatu baadaye Yanga ilikuwa na Yanga Asili, Yanga Kampuni na Yanga Academia. Kwa upande wa Simba, kundi la wenye uwezo lililojulikana kama Friends of Simba lilikuwa na nguvu ambayo katiba ya klabu haikuitaja.

Migogoro hii hutumika kama ushahidi kwamba wanachama hawawezi kuendesha klabu. Tafsiri hiyo inahitaji kupimwa. Majina ya makundi yenyewe yanaonyesha kwamba ugomvi ulihusu swali lilelile la umiliki: je, klabu ni ya wenye kandambili au ya wenye raizoni, ni ya asili au ni ya kampuni? Wanachama hawakugombana kwa sababu walikuwa wengi. Waligombana kwa sababu katiba na sheria hazikuwa zimeeleza uhusiano kati ya anayetoa fedha na anayetoa sauti. Mwanya huo uliachwa wazi tangu enzi ya wafadhili, na ndio uliokuja kujazwa kwa lugha ya hisa.

5.0 Hisa: Mabadiliko ya Umiliki, 2016–2025

Mwaka 2016 Mohammed Dewji alipendekeza kuwekeza shilingi bilioni 20 ili apate asilimia 51 ya klabu. Serikali ilielekeza kwamba katika klabu zilizoanzishwa na wanachama, wanachama wabaki na asilimia zisizopungua 51. Desemba 2017 Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya asilimia 49 kwa thamani hiyohiyo ya shilingi bilioni 20. Tofauti ya asilimia mbili inaweza kuonekana ndogo, lakini kihistoria ni kubwa. Kwa mara ya kwanza dola ilitamka kwa tarakimu kwamba uanachama ni umiliki, na kwamba haki ya kuamua haiuzwi yote.

Matokeo ya kiwanjani yalionekana mapema. Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika katika misimu ya 2018/19 na 2020/21. Katika msimu wa 2024/25 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: ilifungwa 2–0 na RS Berkane nchini Morocco, na mchezo wa marudiano uliochezwa Zanzibar ukaisha 1–1.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba hisa ndizo zilizoleta mataji. Yanga, chini ya wanachama na mfadhili mkubwa, ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikapoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Linaloziunganisha klabu zote mbili ni fedha nyingi zaidi kuliko zamani na mashabiki walewale wa zamani. Fedha zilikuja kwa sababu mashabiki walikuwapo. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi 60,000, hujazwa na watu ambao upande wao walirithi kwa wazazi, mtaa au tawi.

Mfano wa nje unasaidia kuona kwamba chaguo si kati ya chama na kampuni pekee. Ajax ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kutwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo kuanzia 1971 hadi 1973, iliingia katika soko la hisa mwaka 1998, lakini chama cha wanachama kilibaki na asilimia 73 ya hisa. Nchini Ujerumani, kanuni ya ligi huitaka klabu mama ibaki na zaidi ya nusu ya kura katika kampuni ya mpira, isipokuwa kwa klabu chache zilizoruhusiwa. Katika nchi hizo, soka la kulipwa lilikua bila kufuta chama kilichoanzisha timu. Tofauti na Tanzania ni kwamba huko chama kina daftari la wanachama, hesabu na mikutano inayoweza kuidai kampuni majibu.

Hapo ndipo udhaifu wa asilimia 51 unapoonekana. Tarakimu hiyo inalinda umiliki kwenye karatasi. Ili iwe na nguvu, lazima ijulikane mwanachama ni nani, kura yake inapigwa wapi, na anapata taarifa gani kuhusu mapato na madeni. Bila hayo, mwenye asilimia 49 na fedha atakuwa na sauti kubwa kuliko wenye asilimia 51 wasiokutana. Kwa lugha ya Mrima, atakuwa mtoa karamu, nao watakuwa wageni waalikwa.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uanachama katika Klabu ya Simba ulijengwa juu ya desturi zilizokuwa na mizizi katika miji ya Mrima: chama chenye michango na vyeo, mashindano ya pande mbili, na utani unaomfanya mpinzani awe ndugu wa lazima. Desturi hizo ziliiwezesha klabu isiyo na mali kubadili majina, kupita kutoka ukoloni hadi uhuru, na kufika fainali ya bara. Desturi hizohizo ziliacha pengo, kwa kuwa mtoaji alilipwa kwa heshima bila mkataba, na migogoro mingi iliingilia katika pengo hilo.

Kwa muktadha huu, mabadiliko ya hisa yana uhalali wa kihistoria pale yanapoziba pengo hilo kwa maandishi. Yanakosa uhalali pale yanapomchukulia mwanachama kama kizuizi cha maendeleo. Thamani inayouzwa haikutengenezwa na mwekezaji wala haikuanzia Bunju. Ilitengenezwa Kariakoo na watu waliolipa ada na viingilio kwa vizazi vitatu, kwa utaratibu ambao babu zao walikuwa wakiufahamu kutoka Bagamoyo na vijiji vyake. Kazi iliyobaki kwa klabu, Baraza la Michezo na wanachama wenyewe ni kuhakikisha kwamba asilimia 51 ina daftari, mkutano na hesabu. Vinginevyo, kati ya majina mawili yaliyo katika kiwanja cha Bunju, moja litabaki na mwenyewe, na lingine litabaki jina tu.